Makobola na Jiwe Lisilo na Majina

Kati ya 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, watu zaidi ya 800 waliuawa Makobola II na vijiji jirani vya Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi, kwenye njia ya kutoka Uvira kwenda Baraka, mashariki mwa Kongo. Hesabu hiyo imo katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2010, nayo inawataja wapiganaji wa kundi la waasi la RCD na washirika wao kuwa ndio waliofanya mauaji. Taifa la Kongo nalo limeitenga 2 Agosti, siku uasi wa RCD ulipoanza mwaka 1998, iwe siku ya kuwakumbuka wahanga wa vita. Yote mawili ni mema. Lakini mnara wowote wa vita katika teritwari ya Fizi ukikomea kwenye namba, kazi yake itakuwa nusu, kwa sababu wanaoukaribia mnara huo hawakufiwa na namba. Waislamu wa rasi ya Ubwari, hapo Fizi, wakisoma hitima humrehemu marehemu kwa jina lake. Kwenye matanga ya Wakristo wa Baraka na Mboko pia, aliyekufa huitwa kwa jina. Desturi ya kuomboleza imeshatuonyesha jiwe linapaswa kuandikwa nini.

Mfano wa jiwe lililoandikwa kinyume cha hayo uko Dar es Salaam. Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha askari wa shaba, kumbukumbu ya Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, mahali ilipokuwa sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Ameshika bunduki, singe yake ikielekea bandarini, na chini ya miguu yake kuna maandishi ya Kiingereza, pamoja na ya Kiswahili kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Lugha hazikukosekana, wala nafasi ya kuandika. Kilichokosekana ni jina la hata mmoja wa waliokufa. Wapagazi wa vita hivyo walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko kwa risasi, na jiwe likawashukuru kwa jumla. Kumbukumbu yao iliyo hai zaidi imebaki midomoni mwa watu: jina la Kiingereza la kikosi chao liligeuzwa likawa Kariakoo, mtaa na soko ambalo watu hulitaja kila siku wakienda kununua mchele. Huko Kaboya, mkoani Kagera, Tanzania ilifanya vingine. Wanajeshi zaidi ya 600 waliokufa katika vita dhidi ya Idi Amin wamelazwa pale kaburi kwa kaburi, safu kwa safu, na anayefika huona wazi kwamba waliokufa ni watu mmoja mmoja.

Wapo wanaosema kwamba kuandika majina Fizi ni kutonesha kidonda, kwa kuwa kila jina lina ukoo, na ukoo una kabila. Hofu hiyo ni ya kweli, na haifai kubezwa. Ila hujibiwa kwa kuandika majina yote, si kwa kuyaacha. Septemba 1996, raia wa jamii ya Wanyamulenge waliuawa Baraka na Lueba, nao ni wafu wa ufuko huu huu wa Ziwa Tanganyika. Jiwe litakalowaacha nje litageuka bendera ya upande mmoja. Isitoshe, namba tupu ndiyo rahisi kuchezewa. Mwenye siasa yake huikuza, mwenye hatia huipunguza, na hakuna wa kumsuta. Jina lina mama, lina kijiji, lina waliosoma naye, kwa hiyo uongo juu yake hugunduliwa upesi.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: orodha haiwezi kukamilika. Wengi waliowazika wafu hao walivuka ziwa, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Tanzania, imejaa watu wa Fizi tangu 1996. Wazee wao wanazidi kufa, na kila mmoja anaondoka na majina aliyoyajua. Basi ubao wa kwanza uachwe na nafasi, na kazi ya kukusanya majina ianzie kwa wazee, Baraka na Nyarugusu kwa wakati mmoja, kabla saruji ya mnara haijakorogwa.