Haki rejeshi katika Chaka na miji ya Mlima Kenya

Haki rejeshi ni namna ya kushughulikia kosa inayoanza kwa kuuliza nani ameumia, ameumizwa vipi, na ni wajibu wa nani kutengeneza kilichoharibika. Suala la adhabu huja baadaye, na mara nyingine haliji kabisa. Vitabu vya kisasa hupenda kuanzia hadithi yake Ontario, Kanada, mwaka 1974, pale vijana wawili walioharibu mali za watu 22 walipopelekwa nyumba kwa nyumba kuonana na waliowakosea na kukubaliana nao malipo. Mwaka 1989 New Zealand iliweka vikao vya familia katika sheria yake ya watoto, ikiazima kwa Wamaori. Katika miji iliyo chini ya Mlima Kenya jambo lenyewe ni la zamani kuliko jina lake. Huko watu husema tu kwamba kesi imeenda kwa wazee.

Chaka ni mji mdogo wa Kieni Mashariki, Kaunti ya Nyeri, kwenye barabara kuu ya kuelekea Nanyuki. Una soko kubwa na kituo cha reli, na Kiganjo, ambako polisi wa Kenya hufunzwa kazi, ni jirani kabisa. Ukaribu huo haupunguzi idadi ya magomvi yanayomalizwa bila polisi kuitwa: ng'ombe aliyekula mahindi ya jirani, mpaka uliosogezwa usiku, deni la chama, waendesha bodaboda wawili waliogombania abiria. Mahakama ziko Nyeri mjini na Karatina. Kwenda huko ni nauli, ni siku nzima ya kazi iliyopotea, ni wakili, na tarehe ya kesi ikishaahirishwa mara tatu, hata aliyeshinda hurudi nyumbani akiwa ameshindwa na jirani yake.

Lakini Chaka ina jambo moja linaloifanya mfano mgumu, na kwa sababu hiyo mfano mzuri. Usuluhishi wa wazee hudhani kwamba wote wanaogombana wanajuana tangu babu zao. Kieni haikuwa hivyo. Yalikuwa malisho ya mpakani kati ya Wakikuyu na Wamaasai, kisha yakawa mashamba ya walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru wa 1963 yakagawanywa kupitia miradi ya makazi na kampuni za kununua ardhi. Watu walitoka Tetu, Othaya, Mathira na Mukurweini, kila mmoja na mbari yake, wakajikuta wakipakana na wageni. Wazee wa hapa ilibidi wawe wazee wa majirani kabla ya kuwa wazee wa ukoo.

Kiama

Baraza la wazee wa Wakikuyu huitwa kiama. (Msomaji wa pwani asishtuke, halihusiani na siku ya ufufuo, ingawa wapo waliotoka humo wakiwa wamehisi hivyo.) Mtu alipanda ngazi za kiama kwa kutoa mbuzi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu mila za Wakikuyu, alieleza ngazi tatu: wazee wa kamatimo waliokuwa bado wanajifunza, wazee wa mataathi, na wazee wa maturanguru waliosimamia pia sadaka.

Kikao kilikaa wazi, kila upande ukasema hadi ukachoka, na baadaye wazee wachache wakajitenga kando kwa shauri la siri liitwalo ndundu. Nguvu ya kikao ilikuwa kihooto, neno lisilo na tafsiri moja ya Kiswahili: ni hoja iliyo sawa kiasi kwamba mpinzani mwenyewe anaona aibu kuikataa. Wakikuyu husema kihooto huvunja upinde uliokwisha kuvutwa. Hoja iliposhindikana kwa sababu hakuna shahidi, palikuwa na kiapo. Katika kuringa thenge, beberu alipigwa hadi mifupa yake ikavunjika huku mla kiapo akijiapiza yampate yale yale yeye na watu wake kama anasema uongo. Wengi walikiri kabla ya beberu kuletwa.

Mauaji nayo yalikuwa na fidia. Kenyatta alitaja mbuzi au kondoo 100, au ng'ombe 10, kwa mwanamume aliyeuawa, na mbuzi au kondoo 30, au ng'ombe 3, kwa mwanamke. Mbari nzima ya muuaji ilichanga, na mbari ya marehemu ikapokea. Tofauti ya 100 na 30 haipaswi kupitwa haraka haraka na wanaosifu mila, maana inaonyesha ni nani waliokaa kikaoni wakipanga bei.

Serikali yachukua nafasi ya aliyeumizwa

Ukoloni haukufuta kiama kwa siku moja. Ulikichagua vipande. Kesi za mauaji zilichukuliwa na mahakama za Kiingereza, na tangu hapo aliyekosewa akawa ni Mfalme. Mjane akabaki shahidi. Mambo madogo yaliachiwa mabaraza ya wenyeji, yaliyowekewa sheria mwaka 1930 na kugeuzwa mahakama za Waafrika mwaka 1951, chini ya jicho la mkuu wa wilaya. Machifu, cheo ambacho Wakikuyu hawakuwa nacho kwa namna ile, wakawa njia ya kufikia haki. Mahakama za Waafrika zilifutwa kwa sheria ya mwaka 1967.

Jeraha kubwa la Nyeri lilitokea katikati ya hadithi hiyo, na lilipitia mikononi mwa wazee. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wanaume kwa maelfu walipelekwa Manyani, Mwea na kambi nyingine. Kuanzia 1954, chini ya mpango wa Swynnerton, serikali iliharakisha kuunganisha vipande vya mashamba vilivyotawanyika na kumpa kila mwenye haki shamba moja lenye hati. Waliokaa kuamua kipande kipi ni cha nani walikuwa kamati za wazee wa mahali penyewe. Kwa sura, kilikuwa kikao cha kijamii kamili: mashahidi, kumbukumbu za mipaka, mazungumzo marefu. Ila majirani wengi walikuwa kizuizini, na waliobaki kikaoni wengi walikuwa upande wa serikali. Waliporudi, wafungwa wengi walikuta mashamba yao yamepungua au yamehamia mteremko wenye mawe. Sheria ya ardhi ya 1963 ikapiga muhuri juu yake kwa kukataza usajili wa kwanza kurekebishwa hata ukithibitishwa kuwa wa hila. Kifungu hicho kilidumu hadi 2012.

Fidia ilikuja kutoka mbali, na kwa kosa jingine. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari, ikaeleza majuto yake bungeni, na kugharimia mnara uliozinduliwa Nairobi mwaka 2015. Hayo yalikuwa kati ya London na walioteswa. Kati ya jirani na jirani huko Nyeri, suala la nani alipata shamba la nani halijawahi kuwa na kikao cha namna hiyo.

Katiba ya 2010

Ibara ya 159 ya Katiba ya Kenya inazitaka mahakama zikuze upatanisho, usuluhishi na mbinu za jadi za kutatua migogoro, kwa sharti kwamba mbinu hizo zisivunje haki za binadamu wala kupingana na Katiba. Ibara ya 60 inahimiza jamii kumaliza migogoro ya ardhi kwa taratibu zao zinazotambulika, na papo hapo inapiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika mila za ardhi. Mwaka 2016 Jaji Mkuu Willy Mutunga aliunda jopo lililoongozwa na Jaji Joel Ngugi kuchunguza mifumo hiyo. Sera yake ilizinduliwa na Jaji Mkuu David Maraga Agosti 2020. Mwaka huo huo wa 2016 usuluhishi ulio chini ya mahakama ulianza kwa majaribio Milimani, Nairobi, na baadaye ukafika vituo vingine, Nyeri ikiwamo.

Mipaka ya jambo hili bado inavutana. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali kuondolewa kwa kesi ya mauaji baada ya familia mbili kupatana kwa ngamia na mbuzi kufuata mila zao. Majaji wengine baadaye walikataa kwenda njia hiyo, wakisema uhai wa mtu hauwahusu ndugu zake peke yao. Kwa makosa madogo ya kugombana hakuna ubishi mkubwa: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeruhusu upatanisho kwa miaka mingi, na hakimu akiwaona majirani wawili mbele yake mara nyingi huwaambia wakaongee nje kwanza.

Mto kama korti

Mahali ambapo usuluhishi wa kijamii umefanya kazi ngumu kuliko kote upande huu wa mlima ni kando ya mito. Kieni ni kavu, imekingwa mvua na mlima ule ule unaoipa maji. Ukiendelea kutoka Chaka kuelekea Nanyuki unafika Naro Moru, ambako mto hushuka kutoka kwenye barafu na misitu na kupita kwa wakulima wa kabichi, viazi na maua kabla ya kuelekea nchi ya wafugaji wa Laikipia na Samburu. Miaka ya 1990 mashamba yalipoongezeka, wa juu walichota kwa mabomba na mifereji, na kiangazi wa chini wakabaki na mchanga. Mabomba yalikatwa usiku, na watu wakatishiana mapanga.

Ndipo zikaanza jumuiya za watumiaji wa maji, mto mmoja jumuiya moja, zikichanganya mkulima mdogo, shamba kubwa la maua, hoteli na mfugaji. Sheria ya Maji ya 2002 ilizitambua, na ile ya 2016 ikasema wazi kuwa kazi yao ni kusimamia maji kwa ushirikiano na kutatua migogoro ya matumizi yake. Maji yanapopungua jumuiya hupanga zamu: siku fulani wa juu, siku fulani wa kati, na siku za mto kuachwa upite. Walinzi wa mto hutembea kingo wakitazama nani amefungua bomba siku isiyo yake. Aliyekosa huitwa, hutozwa, bomba lake hufungwa kwa muda. Kesi haisemi mengi kuhusu tabia yake, kwa kuwa wiki ijayo anahitajika tena kwenye zamu.

Hapa hakuna ukoo wala kiapo, na wengi hawazungumzi lugha moja ya mama. Kinachowafunga ni kwamba hakuna anayeweza kuhama mto. Pia anayeumia yupo kikaoni: mtu wa chini anaketi na mtu wa juu, jambo ambalo kamati za ardhi za miaka ya 1950 hazikuwa nalo.

Wasioitwa

Ng'ambo ya pili ya mlima, Meru, Njuri Ncheke ndilo baraza maarufu kuliko yote, na makao yake yako Nchiru. Mwaka 1956 wazee wake, kwa kushauriana na wakoloni, walipiga marufuku ukeketaji. Wasichana hawakuulizwa. Wengi walijikata wenyewe kwa wenyewe vichakani, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kukaidi. Uamuzi ulilenga kulinda miili yao, nao waliuona ni wa wazee.

Lawama ile ile hufuata vikao vya leo. Ubakaji na unajisi wa watoto bado hufikishwa kwa wazee au kwa baba wa pande mbili, mbuzi na pesa zikapita, na mtoto akabaki anaishi nyumba ya pili kutoka kwa aliyemwumiza. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 haiwapi wazee wala familia uwezo wa kuondoa kesi ya namna hiyo. Ni kosa la jinai hata pande zote zikisaini, na kulimaliza kwa mbuzi hakustahili kuitwa haki rejeshi, maana hakuna kilichorejeshwa kwa aliyeumia.

Kesi za urithi ni nyingi, na ndizo zinazopima wazee wa Chaka kila wiki. Mzee amefariki, ekari mbili, watoto saba. Chifu huandika barua ya kuwataja warithi, na wazee huketi na familia kabla ya barua hiyo kuandikwa. Kimila, mabinti walioolewa hawakutajwa. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2005 kwamba binti hapunguziwi urithi kwa sababu ya kuwa binti, na Katiba ikalikazia jambo hilo. Sasa kikao kikimalizika bila dada, kazi yote hukwama kwenye rejista ya mahakama ya Nyeri, kwa kuwa kila mrithi anatakiwa kusaini fomu ya ridhaa. Mzee aliyeongoza kikao hulazimika kuomba namba ya dada huyo kwa shangazi, kisha kumpigia simu huko Molo au Mombasa na kumwambia kuwa wanamngoja waanze upya.