Caustic Window (albamu)

Caustic Window ni albamu ya muziki wa elektroniki ya Richard D. James, Mwingereza anayefahamika zaidi kama Aphex Twin. Iliandaliwa mwaka 1994 chini ya lebo ya Rephlex, zikachapwa santuri chache za majaribio, kisha haikutolewa. Mwaka 2014 mashabiki walichangishana kupitia Kickstarter, wakanunua nakala moja na kugawana muziki wake kidijitali. Santuri yenyewe ikanunuliwa mnadani na Markus Persson, mbunifu wa Minecraft, kwa dola 46,300. Wahakiki waliipokea vizuri, nayo ilistahili: midundo yake mikali na melodi zake za upole zingesikilizwa kwa hamu hata bila sifa ya uadimu. Mwaka huohuo James alitoa albamu ya Syro, iliyoshinda Grammy mwaka 2015.