Kibarua Asiye na Barua

Neno kibarua ni udogo wa barua. Katika Unguja ya karne ya 19 liliwahusu zaidi watumwa waliokodishwa kwa kazi za kutwa, ambao sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Chini ya Waingereza jina hilo likashika bandarini Dar es Salaam. Vibarua wa makuli waligoma mwaka 1939, na mgomo wa mwaka 1947 ukafuata reli hadi bara.

Leo jina hilo ni la saidia fundi. Wiki iliyopita nilimwona mmoja Kinondoni, kwenye mtaa unaoteremkia Bonde la Msimbazi, akipiga lipu juu ya ngazi ya mirunda. Mguu wa upande wa mteremko ulikuwa umetegewa matofali mawili.

Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Ni sheria njema. Lakini fidia humtaka aliyeumia awe na mwajiri, na hapo ndipo penye kitendawili: mwenye nyumba atasema alipatana na fundi, naye fundi atasema yeye pia ni mtafuta riziki tu. Maandishi hakuna. Kijana akivunjika kiuno, majirani ndio watakaochanga nauli ya bajaji.

Nanyi watumishi wa umma mnaonisoma: ukaguzi huanzia kwenye maeneo ya kazi yaliyosajiliwa. Nani atasajili ukuta wa chumba na sebule?