Karata Iliyofunikwa Uvira

Ukishuka Kalundu, bandari ya Uvira, alasiri, wakati wavuvi wanapongoja giza liingie ili watie taa zao majini kuwatafuta ndakala, hukosi kukuta kando ya mitumbwi watu wanne wamezunguka kitambaa kikuukuu, karata zimewachakaa mikononi, na mmoja wao, kabla hajaitupa ya kwake, huiinua hata juu ya kichwa na kuishusha kwa kishindo kikubwa. Nilikuwa nikidhani kishindo kile ni furaha tu, hata siku moja nikaona kuwa mpinzani wake haitazami karata iliyotupwa, bali anamtazama uso mtupaji.

Mchezo huu ulikuja kwa njia ya bahari, na ushahidi wake umo katika majina: karata, turufu, kopa, uru, shupaza na pau, yote hayo ni maneno ya Kireno yaliyovikwa kanzu. Wareno walifika Malindi mwaka wa 1498, wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka wa 1593, na Waomani wakawatoa humo mwaka wa 1698. Ngome ikabaki, na maneno ya karata yakabaki, yakasafiri ndani ya Kiswahili. Katika mchezo wa pwani uitwao wahedi wa sitini, ree huhesabiwa kumi na moja, seti kumi, mfalme nne, ghulamu tatu na malkia mbili. Jumla yake ni 120, na kwa hiyo apataye 61 amekwisha kushinda. Ndiyo sababu mfalme akaitwa mzungu wa nne, na ghulamu mzungu wa tatu, naye kijana huyo humshinda malkia, jambo ambalo mchezaji aliyefundishwa na Waingereza hulikataa kwa hasira.

Poka ni ndugu mdogo wa michezo hiyo. Ilianza mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa katika upande wa New Orleans na merikebu za mto Mississippi, na hesabu yake inatisha, kwa kuwa mikono ya karata tano iwezayo kutoka katika karata 52 ni 2,598,960. Lakini kilichomvuta mwanahisabati John von Neumann, aliyeandika juu ya nadharia ya michezo mwaka wa 1928, hakikuwa wingi huo, bali ile ghiliba ya mtu mwenye karata dhaifu anayeongeza dau kana kwamba anazo zote. Kamari ni haramu kwa Mwislamu, wala mimi simtii mtu hamu nayo. Nataka mfano tu, kwa maana watu hupenda kusema kwamba maisha ni poka: hukuchagua ulichogawiwa, huoni alichoficha mwenzio, na huna budi kuamua kabla ya yakini.

Mfano huo ulichezwa hapa kwetu, na dau lilikuwa chimbuko la mto Nili. Mwezi wa Aprili 1858 wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi miwili kutoka Ujiji, wa kwanza ulimi umemvimba kwa vidonda hata chakula kinampa taabu, wa pili sikio moja limeharibika kwa mdudu aliyemwingia usiku, akamchokoa kwa kisu. Tegemeo lao lilikuwa mto Rusizi. Speke alikuwa amesikia kwa Sheikh Hamed bin Sulayyim, katika kisiwa cha Kasenge, kwamba upo mto mkubwa upande wa kaskazini, akafahamu kuwa unatoka katika ziwa Tanganyika; na kama unatoka, basi Tanganyika ndiyo mama wa Nili, na Burton ameshinda. Walipofika Uvira, wana wa sultani wa huko wakawajia, wakaulizwa, wakajibu bila kusita kwamba Rusizi unaingia. Ndipo Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wao, naye akasema kuwa sheikh alikuwa amesema vivyo hivyo, ila Speke hakumfahamu. Wenye mitumbwi wakakataa kwenda mbele, na Burton, ambaye alikuwa karibu kabisa na mdomo wa mto ule, akarudi Ujiji pasipo kuuona.

Miezi mitatu baadaye Speke akaliona ziwa Nyanza huko Mwanza, akakaa siku tatu tu, akatangaza kwamba hilo ndilo chimbuko. Hakuwa na hoja ya kutosha. Aliongeza dau akiwa na karata asizozijua mwenyewe, na zikatokea kuwa nzuri. Burton, aliyekuwa mwanachuoni kumpita mara nyingi, alishindana naye kwa miaka, hata tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala wao huko Bath, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe.

Wanaotumia kisa hiki kama mfano wa poka husahau, kwa maoni yangu, wale wana wa sultani. Kwao hapakuwa na karata iliyofunikwa. Mahali pale walikuwa wamefika wenyewe, na mwelekeo wa maji waliujua kama mcheza bao anavyojua kete zilizo mbele ya macho yake, shimo kwa shimo, bila ya kificho. Siri ilikuwa mikononi mwa wageni tu, na neno la wenyeji, ambalo lilikuwa kweli tupu, lilihesabiwa kuwa uvumi hata wasafiri Livingstone na Stanley walipokwenda wenyewe mwezi wa Novemba 1871, wakalikuta kama lilivyosemwa miaka kumi na mitatu nyuma.

Rusizi unaingia ziwani hata leo, kati ya Uvira na Bujumbura. Mlango wa kutokea, ambao msafiri Cameron aliufikia mwaka wa 1874, ni mto Lukuga karibu na Kalemie, nao hupeleka maji ya Tanganyika Lualaba, na Lualaba huyapeleka Kongo. Katika Nili haliingii tone.