Kijiji Kinapogeuka Mtaa

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Shinyanga, unapita Nyegezi, kisha Mkolani, ndipo Buhongwa. Katikati ya majabali, mji umekula mashamba. Swali langu ni la kihistoria: nani alikuwa na kauli juu ya ardhi ya pembezoni kama hii, na kauli hiyo ilimtokaje?

Zamani Usukumani, watemi na wanangwa waliigawa. Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza ardhi yote kuwa ya dola, na mwaka 1923 Waingereza wakaiita ya umma, chini ya gavana. Mwaka 1963 serikali huru ilifuta umilikaji wa kudumu wa kizungu na kuvunja utemi. Nyerere alihofu kwamba wachache wenye fedha wangenunua nchi na wengi wakabaki wapangaji. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: ng'ambo ya ziwa, Bukoba, wapangaji wa nyarubanja walikuwa wakiwatolea mabwana zao kodi.

Lakini kumzuia kabaila si kumpa mkulima mamlaka. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, dola hiyohiyo mlinzi iliwahamisha wakulima, wengine kwa nguvu. Ndiyo maana Tume ya Ardhi ya Profesa Issa Shivji, iliyoundwa mwaka 1991, ilipendekeza ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji. Serikali ilikataa. Sheria za 1999 zilimwacha Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote. Kijiji kikapewa usimamizi tu.

Usimamizi huo hukoma mji unapofika. Kijiji kikigeuka mtaa, ardhi yake huingia katika ardhi ya jumla, na mkutano uliokuwa na neno juu ya ugawaji hubaki kusikiliza matangazo. Haki ya kimila haifutiki, na fidia imo kisheria, lakini sasa kila kaya inajadiliana peke yake. Anayejua mapema barabara itapita wapi hununua ekari kwa bei ya shamba, akauza kwa bei ya kiwanja.

Katika pengo la bei hizo mbili ndimo tabaka linamozaliwa, bila kabaila wala nyarubanja. Tukilitafuta kwenye hati za mashamba makubwa tu, hatutaliona. Tuanze kwa kuuliza nani aliiona ramani kwanza.