Mzigo wa Kidatu

Reli itokayo Kilosa kupitia Mikumi ina upana wa milimita 1,000. Kidatu inakutana na TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, yenye milimita 1,067. Kwa tofauti ya vidole vichache tu, mzigo ulilazimika kushushwa na kupakiwa upya.

Niliikumbuka Kidatu nikiwa Mikumi, nikiandika kwa JavaScript ukurasa wa mapokezi ya nyumba ya wageni: buruta jina la mgeni, lidondoshe kwenye chumba. Internet Explorer ilitii. Kwenye Firefox jina halikusogea, na wageni walikuwa wanaingia Ijumaa.

Chanzo ni cha 1999. Microsoft walitia uburutaji kwenye Internet Explorer 5 kwa namna yao, na Ian Hickson alipoandika kanuni za HTML5 aliufuata mtindo huohuo. Ndiyo maana, ili chumba kipokee jina, lazima kwanza uzuie tabia ya kawaida ya kivinjari (nani angebuni hivyo kwa makusudi?). Firefox nayo haikuanza safari bila mzigo: uite setData kwanza. Nikaiita, nikaandika "text/plain". Sasa Internet Explorer ikagoma. Yenyewe ilijua "Text" na "URL" tu.

Nikaandika "Text". Vyote viwili vikapokea.