Mgombea wa bunge la jimbo Marekani: Ahadi za nyumba, shule na usalama zina uzito gani?

AHADI tatu hazikosi katika karatasi za kampeni zinazosambazwa nyumba hadi nyumba kila msimu wa uchaguzi katika jimbo la Minnesota, Marekani: makao ya bei nafuu, shule bora na usalama mitaani.

Kwa Wakenya wengi, hayo si mambo ya mbali. Vitongoji vilivyo kaskazini mwa jiji la Minneapolis, hasa Brooklyn Park na Brooklyn Center, vimekuwa maskani ya wahamiaji wengi kutoka Afrika, wakiwemo Wakenya wanaotuma pesa nyumbani kila mwezi.

Mnamo Novemba 5, 2024, wapigakura wa Brooklyn Park na mji jirani wa Osseo walimchagua Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, kuwakilisha eneo la 38A katika Bunge la Wawakilishi la jimbo hilo. Miaka minane kabla ya hapo, Ilhan Omar, mzaliwa wa Somalia aliyeishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, alishinda kiti katika bunge lilo hilo. Baadaye alichaguliwa kwenda Bunge la Congress jijini Washington.

Swali ambalo jamaa waliobaki nyumbani huuliza kwenye simu ni moja. Je, mwakilishi wa jimbo anaweza kweli kutimiza ahadi hizo, au ni maneno ya kuombea kura?

Jibu ni kwamba uwezo upo, lakini una mipaka miwili. Kwanza, mamlaka yamegawanywa kati ya jimbo, kaunti, miji na bodi za shule. Pili, katika Bunge la Wawakilishi la Minnesota hakuna mswada unaopita bila kura 68.

BUNGE LENYEWE

Kila jimbo la Marekani lina katiba, gavana na bunge lake. Mamlaka ambayo katiba ya taifa haikuipa serikali kuu wala kuyakataza kwa majimbo yamebakia kwa majimbo na kwa wananchi. Ndiyo sababu shule, uhusiano wa mpangaji na mwenye nyumba, pamoja na sheria nyingi za jinai, huamuliwa zaidi na majimbo kuliko Washington.

Bunge la Minnesota hukutana katika jiji la St Paul. Lina maseneta 67 na wawakilishi 134. Viti vyote vya wawakilishi hupigiwa kura kila baada ya miaka miwili. Bajeti kuu, ambayo hudumu miaka miwili, hupitishwa katika mwaka usiogawika kwa mbili, kama vile 2023 na 2025. Ahadi yoyote inayohitaji fedha nyingi hupimwa hasa katika mwaka huo.

MAKAO

Nchini Kenya, mpango wa nyumba za bei nafuu husimamiwa na serikali kuu, na chini ya sheria ya Machi 2024 mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake. Minnesota ilifuata njia nyingine.

Mwaka 2023, bunge la jimbo hilo lilitenga takriban dola bilioni moja kwa masuala ya makao. Aidha, lilianzisha ushuru wa mauzo wa robo asilimia katika kaunti saba zinazozunguka Minneapolis na St Paul, kuanzia Oktoba 1 mwaka huo. Mapato yake hugawanywa kati ya kaunti, miji na ruzuku ya kodi kwa wapangaji wa kipato cha chini.

Bunge pia linaweza kubadilisha masharti kati ya mpangaji na mwenye nyumba. Tangu Januari 1, 2024, mwenye nyumba haruhusiwi kwenda mahakamani kumfurusha mpangaji kwa kutolipa kodi kabla ya kumpa notisi ya maandishi ya siku 14. Kwa familia iliyochelewa kulipa kwa sababu ya ugonjwa au kupoteza kazi, siku hizo zinaweza kutosha kutafuta msaada.

Hata hivyo, uamuzi kuhusu aina ya nyumba zinazojengwa katika mtaa fulani kwa kawaida ni wa baraza la mji. Minneapolis, kwa mfano, iliidhinisha mnamo Desemba 2018 mpango wa kuruhusu nyumba zenye makao matatu katika viwanja vilivyokuwa vya familia moja pekee.

Kuhusu kuweka kikomo cha kodi, sheria ya jimbo inakataza miji kufanya hivyo isipokuwa wapigakura waidhinishe katika uchaguzi mkuu. Wakazi wa St Paul waliidhinisha Novemba 2021, wakaweka kikomo cha asilimia tatu kwa mwaka. Kwa hivyo, mgombea anayeahidi kushusha kodi hana budi kueleza iwapo anakusudia kubadilisha sheria hiyo, au anawaachia wakazi wa kila mji waamue.

ELIMU

Hapa ndipo mwakilishi wa jimbo ana mamlaka yaliyo wazi zaidi. Katiba ya Minnesota inalipa bunge jukumu la kuanzisha mfumo wa shule za umma ulio sawa kwa jimbo zima.

Mnamo Machi 17, 2023, Gavana Tim Walz alitia sahihi sheria ya kuwapa wanafunzi kiamshakinywa na chakula cha mchana bila malipo shuleni, pasipo kuuliza mapato ya wazazi. Mwaka uo huo, bunge liliongeza fedha za msingi ambazo kila shule hupata kwa kila mwanafunzi kwa asilimia nne, kisha asilimia mbili mwaka uliofuata. Nyongeza za baadaye zilifungamanishwa na mfumko wa bei.

Isitoshe, mpango uitwao North Star Promise ulianza mwaka 2024. Mpango huo huondolea karo ya vyuo vya umma mwanafunzi ambaye familia yake hupata chini ya dola 80,000 kwa mwaka, takriban Sh10 milioni. Kwa mtoto wa muuguzi msaidizi au dereva wa teksi, tofauti kati ya kupita na kutopita kwa sheria kama hiyo ni tofauti kati ya chuo na mkopo.

Lakini Minnesota haina chombo kama Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) kinachoajiri walimu wa nchi nzima. Walimu huajiriwa na wilaya za shule, zinazosimamiwa na bodi zilizochaguliwa na wakazi. Watoto wa Brooklyn Park wenyewe hawako chini ya bodi moja. Wengine wako chini ya wilaya ya Osseo na wengine ya Anoka-Hennepin, kutegemea mtaa. Mzazi anayelalamikia darasa lililofurika atalazimika kufuatilia mambo mawili: fedha kutoka St Paul na maamuzi ya bodi yake.

USALAMA

Mkenya amezoea polisi walio chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Minnesota, mji ukiwa na uwezo huwa na kikosi chake na mkuu wake, nayo kaunti huwa na sherifu anayechaguliwa kwa kura. Mwakilishi wa jimbo hawezi kumwajiri wala kumfuta kazi askari wa mtaa.

Anachoweza ni kuweka kanuni na kutoa fedha. Baada ya George Floyd kuuawa na polisi jijini Minneapolis mnamo Mei 25, 2020, bunge lilipitisha Julai mwaka huo sheria iliyowazuia askari kumkaba mtu shingo, isipokuwa pale ambapo sheria inaruhusu nguvu za kuua. Aprili 11, 2021, kijana Daunte Wright aliuawa kwa risasi ya polisi mjini Brooklyn Center, na mjadala ukafufuka.

Mwaka 2023, bunge lilizipa serikali za mitaa dola milioni 300 za mara moja kwa usalama. Vilevile, liliagiza kwamba anayenunua bastola kutoka kwa mtu binafsi achunguzwe rekodi yake, na kuwaruhusu majaji kuamuru mtu aliye hatari kwake au kwa wengine anyang'anywe silaha kwa muda.

Sheria hizo hazikumaliza maafa. Mnamo Juni 14, 2025, aliyekuwa Spika, Melissa Hortman, na mumewe Mark waliuawa kwa risasi nyumbani kwao Brooklyn Park na mtu aliyejifanya polisi. Seneta John Hoffman na mkewe walijeruhiwa katika mji jirani wa Champlin usiku uo huo. Agosti 27 mwaka huo, watoto wawili waliuawa wakati wa misa ya wanafunzi katika kanisa la Annunciation, Minneapolis.

KURA 68

Sheria nyingi zilizotajwa hapa zilipita mwaka 2023. Haikuwa sadfa. Chama cha Democratic, kiitwacho DFL huko Minnesota, kilikuwa na gavana, wawakilishi 70 dhidi ya 64 na maseneta 34 dhidi ya 33. Hazina nayo ilikuwa na ziada ya takriban dola bilioni 17.5.

Uchaguzi wa 2024 ulivunja hali hiyo. Democratic na Republican walipata viti 67 kila upande katika Bunge la Wawakilishi. Mapema mwaka 2025 mvutano uliishia katika Mahakama ya Juu ya jimbo, iliyoamua kwamba akidi ni wabunge 68. Tangu hapo, hakuna upande uliokuwa na uwezo wa kupitisha lolote peke yake.

Mnamo Juni 9, 2025, bunge hilo lilipitisha kwa kura 68 dhidi ya 65 mswada wa kuondoa bima ya afya ya jimbo kwa watu wazima wasio na vibali vya kuishi Marekani. Hortman ndiye aliyekuwa mwakilishi pekee wa DFL aliyeunga mkono, kwa kuwa hilo lilikuwa sharti la maafikiano ya bajeti. Siku tano baadaye aliuawa.

Tukio hilo linaonyesha thamani na uchungu wa kura moja. Mgombea husema kwenye kampeni yale anayoyataka; bungeni hulazimika kuchagua kati ya yale yanayowezekana.

Kwa sababu hiyo, mpigakura anayesoma ahadi za mgombea ana maswali matatu ya kumuuliza. Je, jambo hilo ni la jimbo, la mji au la bodi ya shule? Fedha zitatoka wapi, na katika bajeti ya mwaka gani? Na kura ya 68 ataipata kwa nani?

Wanaoruhusiwa kupiga kura hiyo ni raia wa Marekani pekee. Kibali cha ukaazi wa kudumu hakitoshi. Hata hivyo, raia aliyetimiza masharti na ambaye hajajiandikisha hajachelewa, kwani Minnesota huruhusu mtu kujiandikisha kituoni siku yenyewe ya uchaguzi. Katika bunge lililogawanyika sawa kwa sawa, mtu huyo mmoja si wa kupuuzwa.